Challenger Nyeupe Iliyogeuka Waridi

Kijana wa hadithi hii hatumpi jina, maana anaweza kuwa yeyote aliyewahi kununua kitu kwa bei nafuu akadhani na kazi yake itakuwa nafuu. Tumweke tu Hamtramck, mji mdogo wa Michigan uliozungukwa na jiji la Detroit karibu pande zote, kwa sababu babu yake alifanya kazi hapo, kwenye kiwanda kilichojulikana kama Dodge Main. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, kikabomolewa, General Motors wakajenga cha kwao mahali pale. Lakini miaka kumi kabla ya hapo kilikuwa kikitoa Dodge Challenger: gari la milango miwili, boneti ndefu, na injini kubwa kupita mahitaji ya mtu yeyote anayetoka kwenda kununua mkate.

Babu hakuwahi kuwa na Challenger yake. Alichokuwa nacho ni filamu, Vanishing Point ya mwaka 1971, ambamo Barry Newman anaendesha Challenger nyeupe kutoka Denver kuelekea San Francisco huku polisi wakimwandama jimbo baada ya jimbo. Aliitazama mara nyingi hadi familia nzima ikajua ni sehemu gani atasema, "Hiyo ni 440," yaani injini ya inchi za ujazo 440, zaidi kidogo ya lita 7.

Siku ya kuzaliwa ya babu ikawa inaangukia Jumapili. Alhamisi jioni mjukuu akapita kwenye duka la vitu vya punguzo, akaliona boksi: Challenger ya mwaka 1970, modeli ya kuunganisha mwenyewe, uwiano wa 1 kwa 25, bei isiyofika dola 20. Gari halisi lina urefu wa karibu mita 4.9, la kwenye boksi likikamilika linafika sentimita 19 na nusu hivi, saizi ya kukaa vizuri juu ya televisheni ya mzee. Akapiga hesabu, akaona siku tatu zinatosha na kubaki.

Wengi wakifika mwisho wa hadithi hii hulilaumu boksi. "Rahisi ni ghali," wanasema, na mjadala umefungwa. Mimi sikubaliani nao. Modeli za magari za bei nafuu mara nyingi hutoka kwenye kalibu kuukuu. Kampuni za Marekani kama AMT na MPC zilichonga kalibu nyingi katika miaka ya 1960 na 1970, na baadhi yake zinatoa plastiki hadi leo. Gharama ya kuchonga ilishalipwa zamani, ndiyo maana bei inashuka. Umbo la gari linaweza kuwa zuri kabisa. Kinachochakaa ni kingo: kalibu ikizeeka haifumbi sawasawa, plastiki inapenya kwenye mwanya na kuacha utando mwembamba pembeni mwa vipande, na pale nusu mbili za kalibu zilipokutana unabaki mstari unaopanda juu ya mabawa ya gari hadi kwenye nguzo za paa. Utando huo lazima ukatwe kwa wembe, na mstari usuguliwe kwa msasa. Kazi ambayo kiwanda hakikuifanya haikupotea, imehamishiwa mezani kwako. Anayenunua modeli ghali ananunua pia saa za mtu mwingine. Anayenunua ya bei nafuu anaziweka zake.

Kijana aliisoma bei, hakuisoma kazi. Vipande huja vimeshikamana na fremu ya plastiki kwa vishikizo vidogo, vya kukatwa kwa koleo dogo au wembe. Yeye alivipinda kwa vidole mpaka vikavunjika, na penye bampa la mbele kromu ikabanduka pamoja na kishikizo. Vipande vilipaswa kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa kuwa hutoka kiwandani na mabaki ya dawa inayopakwa kwenye kalibu ili plastiki isigande humo, na rangi haishiki juu ya dawa hiyo. Hakuviosha. Lakini hayo yote yangesameheka. Kilichoiua zawadi ni rangi.

Plastiki ya bodi ilikuwa nyekundu, na yeye alitaka gari jeupe. Fundi rangi wa gereji yeyote, wa Detroit au wa kwetu, angesita hapo hapo. Rangi iliyochanganywa ndani ya plastiki nyekundu ina tabia ya kuyeyuka ikikutana na thina, ikapanda juu taratibu na kujipenyeza katika nyeupe wakati nyeupe ingali mbichi. Wajenzi wa siku nyingi hujikinga kwa kupuliza kwanza tabaka la rangi ya fedha, kisha praima, ndipo nyeupe. Kijana alichukua kopo la rangi ya kupuliza lililonunuliwa kwa ajili ya kupaka kiti cha chuma cha barazani, akapuliza moja kwa moja juu ya plastiki tupu, kwa karibu, ili ikolee haraka.

Usiku ule gari lilikuwa jeupe, tena linang'aa. Akalala na furaha yake. Ijumaa asubuhi likawa la waridi.

Halikuwa waridi la sawasawa, ambalo mtu angeweza kudai kuwa alilikusudia. Penye rangi nyingi lilikuwa limepauka, kwenye kona za milango na mabega ya bodi, ambako rangi hukaa nyembamba, limekolea kama fizi. Na hapa ndipo kosa la pili lilipozaliwa na la kwanza, maana kijana hakujiuliza kwa nini. Alijiuliza tu afiche vipi. Akapuliza tena, nzito zaidi.

Makopo mengi ya rangi ya aina ile yana onyo kwa herufi ndogo: rudia ndani ya saa moja, au ngoja siku mbili. Onyo hilo lina maana yake. Rangi ya mafuta hukauka kuanzia juu. Baada ya saa kadhaa ngozi ya juu imeshika, lakini chini bado ni laini. Ukipuliza tabaka jipya, thina yake inapenya ile ngozi, tabaka la chini linavimba, na ngozi isiyo na pa kutanukia inajikunja. Kijana alirudia katikati kabisa ya muda uliokatazwa. Alisimama pale akiangalia boneti ikipata makunyanzi mbele ya macho yake, yakianzia penye tundu la hewa na kutambaa hadi kwenye kioo cha mbele. Na kwenye uwiano wa 1 kwa 25 hakuna rangi nyembamba: tabaka la nusu milimita ni sawa na lami ya zaidi ya sentimita moja juu ya gari halisi. Mistari ya milango ikajaa, herufi za jina la gari zikazama.

Chini ya yote hayo kulikuwa na madhara ambayo hayakuonekana bado. Thina kali ya rangi za chuma huishambulia polistirini yenyewe. Juu ya paa, alikopuliza zaidi kuliko popote, plastiki ilikuwa imeanza kupasuka nyufa nyembamba mno, zilizofunikwa na ile ile rangi iliyozisababisha.

Jumamosi usiku alikuwa amekata tamaa lakini hakuwa ameacha, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote ya kushika gundi. Vioo akavibandika kwa supa gluu, kisha akafunga bodi juu ya chesisi. Supa gluu ikikauka hutoa mvuke, na mvuke ule ukifungiwa mahali padogo hutua kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe. Tena hupenda kugandia kwenye jasho na mafuta ya vidole. Polisi hutumia mvuke huo huo kuibua alama za vidole kwenye vitu vya ushahidi. Jumapili asubuhi kioo cha mbele cha Challenger kilikuwa na ukungu pande zote, na katikati yake alama ya dole gumba, kila mstari wake unasomeka. Wanaojua kazi hii hubandika vioo kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inakuwa angavu, na ikimwagika inafutika kwa kitambaa kibichi.

Zawadi ilitolewa hivyo hivyo. Babu akaipeleka dirishani, akaigeuza, akachungulia chini kwenye chesisi, ambako kazi haikuwa mbaya hata kidogo. Akarudi kwenye boneti.

"Bodi uliiogesha?"

"Hapana, babu. Lakini ni kigari cha dola 20 tu."

"Hata yetu yalikuwa magari ya bei nafuu, mjukuu wangu."

Hapo mzee alikuwa anasema jambo ambalo minada ya siku hizi imelisahaulisha. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka 1971, ndugu wa damu wa Challenger, iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5, na tangu zama hizo za mamilioni watu wanaongea kana kwamba magari haya yalizaliwa vito. Hayakuzaliwa hivyo. Pontiac ndiyo iliyoonyesha njia mwaka 1964 kwa GTO: chukua gari la wastani la familia, litie injini ya gari kubwa, inchi za ujazo 389, na ulipishe nyongeza isiyofika dola 300. Chini ya boneti kulikuwa na utajiri. Kwingineko kulikuwa na plastiki na milango isiyokaa sawa. Soko lilikuwa vijana wenye mshahara wa kwanza.

"Lakini hakuna bodi iliyotoka pale bila kuogeshwa," babu akaendelea. "Inaogeshwa kwa dawa, inapigwa praima, inaingia kwenye tanuri, ndiyo inaiona rangi. Bodi ya gari la mwalimu na bodi ya gari la tajiri zilipita mlango mmoja."

Wakaivunja pamoja wiki ile. Bodi ililowekwa kwenye dawa ya kusafishia oveni, kwa glavu na madirisha wazi, hadi rangi ikalegea na kutoka kwa mswaki. Kuhusu madirisha babu hakuwa na mzaha. Alikumbuka enzi ambapo vijana wa Marekani walikuwa wakinusa gundi za modeli ili walewe, mpaka mwaka 1969 kampuni ya Testors ikaanza kutia mafuta ya haradali kwenye gundi yake ili harufu iwachome pua. Vioo vilisuguliwa kwa msasa wa maji laini sana, kisha kwa dawa ya meno, na dole gumba likatoweka. Tairi walizikagua pia: tairi laini za vinili za modeli za zamani hutoa kemikali inayoyeyusha rimu za plastiki zikigusana miaka na miaka, hivyo rimu zikapakwa rangi ya kinga kabla ya kuvishwa. Bodi ikaoshwa, ikapata rangi ya fedha, ikapata praima, na kila tabaka likaachwa mpaka harufu yake iishe.

Kufikia hapo makopo, misasa na glavu vilikuwa vimegharimu zaidi ya lile boksi. Kijana akalilalamikia hilo, na kwa kweli ana hoja. Dukani hakuna anayekwambia.

Nyufa za paa tu ndizo zilizogoma. Walizijaza pati, wakasugua, zikarudi kuchungulia chini ya praima. Babu ndiye aliyepata dawa. Mwaka 1970 mnunuzi wa Challenger angeweza kuagiza paa livishwe vinili, kitambaa cha plastiki chenye mikunjo kama ngozi. Wakaziba bodi nzima kwa masking tepu, wakapuliza paa rangi nyeusi isiyong'aa kutoka mbali, ikauke kidogo hewani na kutua ikiwa na chengachenga. Nyufa zikapotea ndani ya zile chengachenga.

Gari la kwenye filamu ni jeupe hadi paani. Wageni wanaoijua filamu huuliza hilo jeusi limetoka wapi, na babu huwajibu kwamba mteja ndiye aliyeliagiza.