Mashua Kuukuu na Ndugu Aliyeanguka



Marko mwinjilisti atusimulia ya kwamba Bwana Yesu, alipowaita Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, aliwakuta chomboni wakizitengeneza nyavu zao (Marko 1, 19). Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wagalatia habari za mtu aliyenaswa katika kosa, awaagiza walio wa Roho wamrudishe kwa upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake (Wagalatia 6, 1). Katika Kiswahili chetu twasoma maneno mawili mbalimbali, lakini katika Kiyunani neno ni lile lile moja. Kazi ya mvuvi juu ya wavu uliopasuka, na kazi ya Mkristo juu ya ndugu aliyeanguka, zaitwa kwa jina moja: kukifanya kilichoharibika kiwe kizima tena, kifae kwa kazi yake.

Basi mwezi huu twataka kujifunza kwa wavuvi. Wasomaji wetu wakaao pwani, toka Tanga hata Lindi, wameona mara nyingi mtu na watu wa nyumba yake wakiitengeneza mashua kuukuu ufuoni. Nao wakaao bara watafahamu tukiwaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Wala jambo hili si la kupitisha wakati. Katika kila usharika wako watu ambao majina yao yangali katika kitabu cha ubatizo, na mahali pao kanisani ni patupu. Twapita mbele ya nyumba zao kila siku, kama watu wapitao mbele ya mashua mbovu iliyozama mchangani.

Kwanza, mashua haijipandishi. Mwenyewe hungojea bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, maji yanapojaa kupita siku nyingine. Hapo huileta mpaka juu ya ufuo. Na maji yakitoka, mashua hubaki mchangani, imeegemezwa kwa magogo huku na huku isilale ubavu. Kisha hupakuliwa vyote: nyavu, nanga, kamba na mawe ya farumi, na ngama yenye uvundo huchotwa kwa upo hata tone la mwisho. Ndipo aweza kuiona hali yake.

Twasikia wazee wengine wakisema, Akitubu, na aje mwenyewe. Lakini mchungaji katika mfano wa Bwana hakukaa kumngojea kondoo wake, alimwendea (Luka 15, 4). Tena moyo wa mtu nao una bamvua yake. Msiba umeingia nyumbani, au mtoto amezaliwa, au mwenyewe ameamka katika ugonjwa mzito: siku hizo moyo wake huinuliwa ukawa karibu na ufuo. Mwalimu mwenye hekima huziangalia siku hizo asiziache zipite bure. Kwani bamvua ikipita, yampasa mvuvi kungoja nusu mwezi tena, na ndugu yetu labda itampasa kungojewa miaka.

Pili, mashua hugongwa kabla ya kupakwa rangi. Mwenyewe huikwangua chaza na majani ya bahari yaliyoshika chini yake. Kisha huwasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya tumbo la mashua, ili joto liwaue watobowao mbao, lakini mbao zenyewe zisiungue. Baada ya hayo huzigonga kwa nyundo, ubao kwa ubao, akitega sikio. Ubao mzima hulia. Ubao mbovu hutoa sauti nzito, kama mtu ajibuye asivyopenda.

Katika bahari mna kiumbe alaye mbao za vyombo. Watu humdhani kuwa mchwa wa majini, lakini yeye ni wa jamaa ya chaza na kome. Huingia angali mdogo sana, kwa tundu kama la sindano, akakua humo ndani, akichimba njia yake na kuipaka chokaa. Kwa nje ubao waonekana mzima. Kwa ndani umekuwa kama sega la nyuki. Mashua ya namna hiyo yaweza kupakwa rangi ikapendeza kuliko zote za bandarini, nayo siku ya kusi kali itawazamisha watu.

Hapa yako makosa mawili, nayo yote mawili yamo katika makanisa. Wako waogopao kugonga. Wajua ya kwamba fulani ana deni la udanganyifu, au ameacha mke wake, au pombe imemshinda. Walakini ni mtu mwenye cheo, au ni jamaa yao, basi wampaka rangi. Wampa kiti cha mbele, wakaita hayo upendo. Na wako ambao, wakiisikia sauti ya ubovu mara moja tu, walikimbilia shoka wakisema, Hii ni kuni. Fundi wa kweli hafanyi hili wala lile. Huung'oa ubovu wote hata afike penye mti mzima, na akifika hapo husimama. Ubao mzima uliokaa kando ya ubao mbovu hauondoi mahali pake. Basi sisi nasi tusimwite mtu kwa jina la kosa lake. Yeye aliyeshindwa na pombe huenda ni baba mwenye huruma. Yeye aliyegombana na nduguye juu ya shamba huenda bado asali usiku. Yaliyo mazima ndani yake ni kazi ya Mungu, wala hatukupewa shoka juu ya hayo.

Tatu, fundi hutumia mti alio nao. Mwaka 1986, ukame ulipoyapunguza sana maji ya Ziwa la Galilaya, ndugu wawili, wavuvi wa Ginosar, waliona umbo la mashua katika tope la ufuoni. Wataalamu waliifukua kwa siku 11, wakafanya kazi mchana na usiku. Wakaivika povu ligandalo likawa gumu, isije ikavunjika, wakaielesha majini mpaka mahali pa kuihifadhi. Ilikaa miaka mingi katika dawa ya namna ya nta, ndipo mbao zilipoweza kukauka pasipo kuharibika. Ni mashua ya zamani zile za kuwako kwake Bwana wetu duniani. Hakuna awezaye kusema ya kuwa Petro aliipanda, wala hatuna haja ya kusema hivyo. Yatutosha kujua ya kwamba watu kama Petro walitumia mashua kama hii. Urefu wake ni kama mita 8 na robo, na upana wake mita 2 na kidogo zaidi.

Walioichungua waliona ya kuwa ilitengenezwa mara nyingi. Mbao zake za pembeni nyingi ni za mwerezi, na mataruma mengi ni ya mwaloni. Lakini walipohesabu miti yote iliyotiwa humo, wakapata aina 12. Sehemu ya mbele ya mkuku ilitolewa katika chombo kilichotangulia. Sehemu ya nyuma ni ya mkunazi, mti ambao wengi wetu twaujua. Fundi aliijua sana kazi yake, bali mali hakuwa nayo. Alitafuta kipande huku na kipande huku, akaifanya mashua iende tena ziwani.

Na sisi tujifunze hapo. Usharika maskini usiseme, Hatuna mchungaji wa kukaa nasi, tutawarudishaje walioanguka? Mwacheni mama mjane aende na uji wake. Mzee aende na jembe lake akalime naye siku moja. Kijana ajuaye kusoma aende na Kitabu. Hivyo ni vipande vidogo, lakini Bwana ndiye aviunganishaye.

Tena, fundi wa pwani yetu, akitaka taruma, hatafuti mti ulionyoka. Hutafuta tawi lililopinda tangu shinani, kwa kuwa nyuzi za mti hufuata ule mpindo, nalo lina nguvu kuliko mti ulionyoka uliokatwa kwa tezo ukapindishwa. Petro alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Lakini Bwana alikuwa amekwisha kumwambia ya kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake (Luka 22, 32). Mtu aliyerudishwa kwa kweli hajai nafasi tu kanisani. Huyo ndiye taruma lishikalo mbao za wengine.

Nne, kazi hii ni ya mkono mwepesi. Fundi hapigi msumari kwa nguvu katika ubao mkavu, usije ukapasuka. Hutoboa kwanza kwa keekee. Kisha msumari huzungushiwa pamba yenye mafuta, ndipo augonge. Nyufa kati ya mbao hutiwa kalafati: pamba husokotwa, hutiwa mafuta, na kupigwa ndani kidogo kidogo. Hata hapo fundi ana kiasi, maana ajua ya kwamba mbao zikiingia majini zitavimba. Naye akiijaza pamba kupita kiasi, mashua yaweza kujisukuma yenyewe na kulegeza misumari yake. Ndio upole anaousema Mtume. Maneno ya kweli yasemwe, lakini tundu litobolewe kwanza: kwa salamu, kwa kuketi, kwa kusikiliza. Nayo yasemwe nyumbani, kati ya wawili, kama Bwana alivyoagiza (Mattayo 18, 15), kabla hayajafika barazani kwa wazee.

Sasa twataka kusema neno moja zito kwa wazee na walimu. Kumtenga mtu na Meza ya Bwana ni kumpandisha pwani, ili atengenezwe. Kazi hiyo ina haki yake, wala hatuilaumu. Lakini mashua iliyopandishwa na kuachwa juani haikai kama ilivyokuwa. Mbao zake hukauka, zikajikunyata, zikaachana. Na iliyokuwa na ufa mmoja yawa na nyufa ishirini. Kutenga pasipo kutengeneza ni kuharibu kwa jina la utaratibu. Kila jina liandikwalo katika kitabu cha watengwa, na liandikwe kando yake jina la yule atakayemwendea, na siku ya kwanza ya kumwendea. Kama hakuna aliye tayari kwenda, basi wazee na wajiulize kama walikuwa tayari kutenga.

Tano, mashua hutengenezwa ili ishuliwe. Siku ya kushua, majirani huitwa, nao huisukuma kwa pamoja wakiimba. Na tazama, mashua iliyokaa nchi kavu siku nyingi, hata kama fundi wake ni hodari, huvuja siku zile za kwanza. Asiyejua hushtuka na kusema kazi yote ni bure. Ajuaye hushika upo, akateka maji, akangoja. Maana mbao hunywa maji, huvimba, na kukazana, na kuvuja hukoma. Ndugu aliyerudi Mezani Jumapili hii, labda Jumamosi ijayo atateleza. Msimpandishe tena pwani siku ile ile. Kaeni karibu naye na upo mkononi.

Wala mtu asijidhani kuwa mashua mpya. Mwenye chombo hakitengenezi mara moja tu. Hukipandisha tena na tena, akikwangue na kukipaka mafuta, hata kama hakijavunjika. Luther katika neno la kwanza la yale 95, mwaka 1517, alifundisha ya kuwa maisha yote ya waamini ni toba. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alieleza ya kwamba ubatizo wetu watutaka kila siku kuuzamisha utu wa kale. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Amwendeaye ndugu yake na aende kama mtu ambaye nyundo imegonga mbao zake asubuhi ile ile.

Ile mashua ya Galilaya ilifika mwisho wake. Wenyewe walipoona haifai tena, waling'oa vipande vilivyofaa kwa vyombo vingine, na kiwiliwili wakakiacha kizame karibu na ufuo. Hawakukosa, ndiyo hesabu ya wavuvi. Hesabu ya Bwana wetu ni nyingine. Yeye hakutuuliza kama twafaa gharama. Alilipa damu yake kwa ajili ya vyombo ambavyo fundi yeyote angaliviita kuni, naye ameahidi kuviinua hata kutoka katika tope la kaburi. Kwa ahadi hiyo, wala si kwa ustadi wetu, twathubutu kuigusa kazi hii.

Basi, ndugu, mwezi huu kila mmoja alitaje mbele ya Mungu jina moja la mtu aliyeachwa pwani, aliombee siku 7, na siku ya 8 aende akabishe hodi.

Bwana Yesu, wewe uliyewaita wavuvi katikati ya kazi yao, utupe masikio ya kusikia, mikono miepesi, na saburi ya kuteka maji mpaka mbao zikazane. Amina.