Upepo Usiotikisa Tanga

Mvuvi wa Msimbati hashui ngalawa yake kabla ya kutazama upepo. Huinua uso, huangalia mawingu, husikiliza mawimbi. Wala hapana mtu amwambiaye ya kuwa apoteza wakati, ingawa nyumbani watoto wangoja chakula.

Uko upepo mwingine, nao si kusi wala kaskazi. Watoka katika jua lenyewe, waenda kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, na baada ya siku 4 hivi hutufikia. Hautikisi tanga wala kuti la mnazi, na dunia ina nguvu ya sumaku iuzuiayo. Walakini ukivuma kwa ukali huisukasuka nguvu hiyo: sindano ya dira huyumba, hata umeme huweza kukatika. Mwezi wa Machi 1989, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, watu kama milioni 6 walikosa umeme kwa muda wa saa 9 hivi.

Habari hii haiko mbali nasi. Tarehe 15 Novemba 1971, chombo cha Wamarekani kiitwacho Explorer 45 kilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, ili kichunguze dhoruba hizo za sumaku.

Basi yafaa tuulize: je, ni haki kutumia fedha nyingi kwa kuchunguza upepo usioonekana, hali viko vijiji visivyo na kisima? Swali hili si la ujinga. Alichekaye hajapata kubeba ndoo kichwani. Lakini tusiharakishe kusema kwamba ni wizi. Mvuvi wetu huwatumikia wanawe kwa kule kutazama kwake. Kosa lingekuwa kuiona dhoruba yaja, akaiokoa ngalawa yake peke yake, asimwambie jirani.

Hapo ndipo penye deni. Elimu ni amana, na pwani iliyotoa mahali pa kurushia chombo yastahili kuambiwa kilichoonekana. Mtoto wa Malindi, na wa Mikindani vile vile, akifundishwa habari za jua na sumaku hata akaweza naye kuuliza, deni limeanza kulipwa. Akiachiwa kusimulia moto na moshi tu, amedhulumiwa. Wala sisi wazazi na walimu tusiwangoje walipaji wa mbali. Sehemu ya deni hilo i juu yetu.