Kuuliza si Ujinga, Hata Mbele za Mungu

Wageni walifika kambini Gilgali na magunia yaliyochakaa, viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa, viatu vya viraka na mkate mkavu ulioota ukungu. Walisema wametoka nchi ya mbali na wanataka agano la amani. Wakuu wa Israeli hawakuwa wazembe. Waliwahoji, wakakagua chakula chao, wakaridhika, wakaapa. Siku tatu baadaye ikajulikana kwamba watu wale walikuwa majirani, Wagibeoni, na miji yao ilikuwa karibu. Kila kiraka kilikuwa kimepangwa. Kitabu cha Yoshua, katika sura ya 9, kinataja palipoharibika: wakuu wale walitumia macho yao na mikono yao, lakini shauri la Mungu hawakulitafuta.

Kiapo hakikurudi nyuma. Wagibeoni wakaachwa hai, wakafanywa wakata kuni na wachota maji. Vizazi vingi baadaye mfalme Sauli alijaribu kuwaangamiza, na njaa ya miaka mitatu iliyoipata nchi katika enzi ya Daudi ikahesabiwa kuwa malipo ya kiapo kilichovunjwa. Gharama ya uamuzi wa kikao kimoja ililipwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipofanywa.

Msomaji wa Biblia akiendelea hadi Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, anaukuta mji uleule. Ni Gibeoni ambako Sulemani, mfalme kijana aliyerithi taifa kubwa, aliambiwa katika ndoto aombe atakalo. Alijieleza kama mtoto asiyejua pa kutokea wala pa kuingilia, akaomba moyo wa kuelewa ili aweze kuwaamua watu. Kesi inayosimuliwa baada ya hapo ilikuwa na wanawake wawili, mtoto mmoja aliye hai na mmoja aliyekufa, na hakukuwa na shahidi hata mmoja. Sulemani hakushushiwa jina la mama kutoka mbinguni. Alichopewa ni uwezo wa kupata swali ambalo mama wa kweli angelijibu kwa namna yake na mwongo kwa namna nyingine. Wengi huhubiri hadithi hii kama muujiza, na hapo hupitwa na jambo kubwa: Mungu alimjibu mwombaji kwa kumfundisha kuuliza.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Methali hii husikika darasani mwanafunzi anapoona haya kunyosha mkono, na stendi ya mabasi mgeni anaposita kusema kwamba hajui gari la kupanda. Kwa juu ni maneno ya kumtoa mtu aibu. Kwa ndani yana madai mazito kuhusu binadamu ni nani. Anayeuliza anakubali kwamba kuna jambo halijui. Anakubali pia kwamba ukweli wa jambo hilo upo, hautungwi na matamanio yake, na kwamba mtu mwingine anaweza kuwa nao. Mjinga hasa ni yule asiyeweza kukubali hata moja kati ya haya. Ndiyo maana wahenga wakaongeza kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, angeielewa methali hii mara moja. Katika Summa Theologiae, kitabu ambacho chenyewe kimejengwa kwa maswali tangu mwanzo hadi mwisho, anaiweka tabia ya kukubali kufundishwa kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mambo ya kutenda hayana idadi, hali zake hubadilika, na mtu mmoja hawezi kuyachunguza yote kwa muda alio nao. Hakuna anayejitosheleza katika kuamua, hata msomi, hata mzee, na kwa sababu hiyo kila mmoja ana haja ya kusikiliza wengine, hasa waliokula chumvi nyingi. Kwa Akwino, huku si kupungua kwa mtu. Ni kipimo cha hekima yake.

Kwa nini basi katika makanisa mengi swali huonekana kama dalili ya imani haba? Muumini anayeuliza fedha za mradi zimekwendaje huambiwa ana roho ya uasi. Binti anayetaka kujua historia ya mchumba aliyeletewa kwa unabii huambiwa asimzuie Roho. Maandiko yenyewe hayana hofu hiyo. Maria, alipoambiwa na malaika kuwa atachukua mimba, aliuliza litawezekanaje, akajibiwa bila kukemewa. Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, walimsikiliza Paulo kwa moyo mkunjufu, kisha kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama asemayo ni kweli. Mwandishi anawasifu kwa hilo. Kama mtume alikubali kukaguliwa, ni mhubiri gani wa leo aliye juu ya kukaguliwa?

Tanzania inakumbuka mwaka 2011. Barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, ilijaa foleni ya magari ya kilomita nyingi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu. Walikwenda wakulima na wafanyabiashara, walikwenda viongozi wa serikali, wakaja na wageni kutoka nchi jirani, wenye kisukari, saratani na virusi vya UKIMWI. Wagonjwa wengine walitolewa vitandani hospitalini wakapakiwa garini, na wapo waliokata roho njiani au kwenye foleni kabla ya kukifikia kikombe. Wapo pia waliokunywa, wakaamini wamepona, wakaacha kumeza ARV.

Hakuna haki ya kuwabeza watu wale. Mtu ambaye hospitali imemwambia kwamba ugonjwa wake hautibiki, au ambaye kila mwezi anauza kuku ili apate nauli ya kliniki, ana sababu zote za kupanda gari la Loliondo. Na bei ya shilingi 500 haikuwa bei ya tapeli. Uchungu uko kwingine. Yalikuwapo maswali mepesi, yasiyoitukana imani, ambayo katika msongamano ule hayakupata wa kuyauliza kwa sauti. Aliyekunywa mwezi uliopita amepimwa tena? Kipimo kinasemaje? Nikinywa kikombe, ni lazima niache vidonge vyangu? Hili la mwisho peke yake lingeokoa watu, kwa sababu lingeonyesha kwamba kumwamini Mungu na kuendelea na dawa si njia mbili zinazotengana. Bila swali hilo, mgonjwa alibaki na chaguo la uongo: kikombe au hospitali, imani au kipimo.

Palipo na katazo la kuuliza, mambo huwa mabaya zaidi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa maelezo ya waendesha mashtaka, walihimizwa na mhubiri wao kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwao. Jumuiya hiyo iliyokuwa imezigeuzia mgongo shule na hospitali ilikuwa imejifungia, mlango baada ya mlango, mahali pote ambapo mtu angeweza kupata jibu lisilotoka kinywani mwa mhubiri.

Lakini kuuliza peke yake hakutoshi. Mfalme Ahabu aliwauliza manabii wapatao 400 kama aende vitani Ramothi-Gileadi, na wote wakamwambia nenda, utashinda. Alipotajiwa Mikaya mwana wa Imla, alikiri kwamba anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Huyo hakuwa akiuliza, alikuwa akikusanya sahihi. Wapo Wakristo wanaozunguka kutoka kwa mwombaji mmoja hadi mwingine kwa mtindo huohuo, mpaka wampate anayeota ndoto inayofanana na tamaa yao.

Safari ya Paulo kwenda Roma, katika Matendo sura ya 27, inafundisha jambo lingine kuhusu nani aulizwe, na watu wa pwani wanaojua misimu ya pepo wataisoma kwa ufahamu kuliko wengi. Merikebu ilikuwa Bandari Nzuri, kisiwani Krete, na majira salama ya kusafiri yalikuwa yamepita. Paulo alionya kwamba wakiendelea watapata hasara. Akida wa Kirumi aliyekuwa na mamlaka hakukurupuka. Alimsikiliza nahodha, alimsikiliza mwenye chombo, na wengi wakaona heri kwenda mbele. Kwa kanuni za kawaida uamuzi wake ulikuwa na hoja. Ila mwenye chombo alikuwa na shehena ya kufikisha, na bandari ile haikuwa nzuri kukaa wakati wa baridi, kwa hiyo kila aliyeulizwa alikuwa na sababu ya kutaka kuondoka. Tufani ya siku 14 ikafuata, ngano ikatupwa baharini na merikebu ikavunjika Malta, ingawa watu wote 276 walifika nchi kavu. Kijana aliyeletewa mkataba wa kazi Ughaibuni na wakala anayelipwa kwa kila kichwa anachosafirisha yuko mahali pa akida yule. Wakala anaweza kuwa mtu mwema anayesali kanisa moja naye. Bado shauri linapaswa kutafutwa pia kwa mtu asiyepata chochote kijana akienda au akibaki.

Ukristo umeacha pia mbinu za kujiuliza mwenyewe. Ignasi wa Loyola alivunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521, na alipokuwa amelala akiuguza jeraha alitambua jambo dogo. Ndoto za mchana za vita na mabibi wa kifahari zilimfurahisha kwa muda, kisha zikamwacha mkavu. Mawazo ya kuishi kama watakatifu aliosoma habari zao yalimwachia furaha iliyodumu. Kutokana na utambuzi huo kikazaliwa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Anamshauri mtu asibadilishe uamuzi wa mwanzo akiwa katika giza la moyo. Tena anamwambia amfikirie mtu asiyemjua kabisa aliyekuja na tatizo hilohilo: angemshauri nini? Basi ashike shauri hilo yeye mwenyewe. Swali hilo hukata nusu ya visingizio, kwa kuwa wengi wetu tuna busara nyingi kwa maisha ya jirani.

Kanisa la Marafiki lina desturi inayoikaribia methali yetu kuliko zote. Wamisionari wao walifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi zaidi duniani. Katika mapokeo ya kanisa hilo, mtu mwenye uamuzi mgumu, zamani hasa ndoa, anaweza kuomba wenzake wachache wakae naye. Katika namna ya kikao hicho inayofahamika zaidi siku hizi, hakuna anayeruhusiwa kumpa ushauri. Wanachofanya ni kumwuliza maswali ya kweli, yaani yale ambayo muulizaji hajui jibu lake, na kunyamaza pamoja naye anapolitafuta. Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki na vikundi vya Biblia vya mitaani kwetu vingeweza kujaribu jambo hili jioni moja, badala ya kumrundikia mwenye shida mistari ya Biblia na simulizi za waliofanikiwa.

Na baada ya yote hayo, ukungu unaweza kubaki. Hapa ndipo imani ya Kikristo inapotofautiana na uaguzi. Mwaguzi huahidi kuyaondoa mashaka. Imani humpa mtu mahali pa kusimama mashaka yakiwapo.

Uganda, Februari 1977, inaonyesha hilo kuliko maelezo. Usiku wa kuamkia tarehe 5 askari wa Idi Amin waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum huko Namirembe, wakitafuta silaha ambazo hawakuzipata. Maaskofu wa Kianglikana walikaa pamoja, wakapima, wakaandika barua ya kulalamikia uvamizi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Luwum alijua hatari iliyopo. Hakukimbia. Tarehe 16 aliitwa pamoja na maaskofu wenzake. Wao wakaachiwa, yeye akazuiwa. Aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Mmoja wa maaskofu walioandika barua ile alikuwa Festo Kivengere wa Kigezi, mtu aliyewahi kufundisha shule Dodoma na aliyejulikana kwa mahubiri yake Afrika Mashariki yote. Naye alitafutwa. Rafiki zake walimsihi aondoke, naye akawasikiliza. Usiku, yeye na mkewe Mera walipanda milima ya mpakani kwa miguu wakaingia Rwanda. Maaskofu hawa wawili walishika Maandiko yaleyale, na Maandiko hayo yana Paulo aliyeteremshwa kwa kapu ukutani Dameski ili atoroke, tena yana Paulo aliyekwenda Yerusalemu ingawa Agabo alikuwa amemwonya kwamba atafungwa. Hakuna kanuni ambayo ingempa kila mmoja wao jibu lake kabla ya siku ile.

Mwaka huohuo, akiwa uhamishoni, Kivengere alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, akaeleza kwamba chuki ingekuwa njia nyingine ya kushindwa. Amin alipoangushwa mwaka 1979 alirudi Kigezi, akaendelea na uaskofu wake hadi alipofariki mwaka 1988. Sanamu ya Luwum imesimama Westminster Abbey, London, tangu mwaka 1998, na tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda. Kanisa la Uganda huwataja wote wawili kwa shukrani, aliyebaki na aliyeondoka.