Maji Yanayoshuka kwa Jirani

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuchimbi mafuta. Kwetu yanapita tu. Tangu mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, limekuwa likisafirisha mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, likikatiza Iringa na Mbeya. Barabarani nako malori ya mafuta yanapanda Kitonga usiku na mchana kuelekea Tunduma. Hivyo tukisikia kwamba mafuta yameharibu maji ya watu, tunadhani ni habari za mbali.

Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa kuhusu nchi ya Waogoni, kusini mwa Nigeria, ambako mafuta yalichimbwa kwa miaka mingi. Katika eneo la Nisisioken Ogale, watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Tukisoma hayo tunawakasirikia waliohusika, na ni haki tukasirike. Lakini hasira hiyo isitufiche sisi wenyewe.

Wakati mmoja tulipeleka gari la usharika gereji kubadilisha oili. Oili chafu ikamwagwa mtaroni mbele ya macho yetu. Tulipouliza, fundi alijibu kwa upole, "Baba Mchungaji, hii ni kidogo tu. Mvua ikinyesha itaondoka." Tukalipa, tukashukuru, tukaenda zetu.

Itaondoka iende wapi? Pale Iringa, Ruaha Mdogo hupita Ipogolo, chini ya mji, kisha huingia Ruaha Mkuu na kufika Mtera. Njiani kuna mama anayechota kwa ndoo, mtoto anayeoga, ng'ombe anayenywa. Kilichoondoka kwetu kimefika kwao.

Katika Ezekieli sura ya 34, Mungu anawauliza kondoo wanono kwa nini, wakisha kunywa maji safi, wanayavuruga kwa miguu yao, wenzao wakabaki kunywa tope. Tuangalie vizuri: hapa hasemi na adui wa nje, anasema na kundi lake. Wala kosa lao si kunywa. Kosa ni kwamba walipokata kiu hawakukumbuka anayekuja nyuma yao.

Wengine watasema, lita chache za fundi mmoja si kitu ukilinganisha na Nigeria. Ni kweli, ukubwa haulingani. Lakini moyo ni ule ule: kuhesabu kwamba jambo limekwisha kwa sababu halionekani tena. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatufundisha kwamba Amri ya Tano haituzuii kuua tu. Inatutaka tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie. Anayekunywa maji chini ya mto ni jirani huyo, hata kama hatutamwona maisha yetu yote.

Tusimtwike fundi mzigo huu peke yake. Yeye hana mahali pa kupeleka oili chafu, na sisi wateja tunafurahia bei nafuu bila kuuliza. Basi tuanze hapo. Kabla ya kulipa, tuulize oili imekwenda wapi. Sharika zilizo karibu na gereji zisaidiane na mafundi kupata mapipa yenye vifuniko na kumtafuta mtu wa kuichukua oili hiyo kwa utaratibu salama. Na atakayeliosha gari lake mtoni Jumamosi, akumbuke kwamba kesho yake atakwenda ibadani na watu wanaoyanywa maji hayo.

Sisi wachungaji tunatubu kwanza, maana tuliona tukanyamaza. Maji tunayowabatizia watoto wetu hayatoki mbinguni yakiwa ndani ya bakuli. Yanatoka katika mito hii hii.