Waliokwenda na Waliobaki



Somo letu: 1 Samweli 30:21–25.

Mto Elwha unashuka kutoka milima ya Olympic, katika jimbo hili letu la Washington, na kuingia baharini karibu na mji wa Port Angeles. Ndani yake anaishi samaki aitwaye trauti, naye ana jambo la kutufundisha sisi tuliovuka maji.

Mayai ya trauti huanguliwa katika changarawe moja, mara nyingi ya mama mmoja. Watoto hukua pamoja mtoni mwaka mmoja, miwili au mitatu. Kisha baadhi yao hushuka baharini, na wengine hubaki. Anayekwenda hubadilika mwili mzima. Ngozi yake hung'aa kama fedha. Mtoni figo zake zilikuwa zikitoa maji mengi. Baharini inambidi anywe maji ya chumvi, na matamvua yake yaitoe chumvi hiyo. Sisi tunaofanya kazi wodini tunajua kwamba chumvi ya mwili ikibadilika, si mchezo.

Baharini chakula ni kingi. Anakua na kumzidi sana ndugu yake, hata wavuvi humpa jina jingine, kana kwamba si samaki yule yule. Lakini wengi huliwa huko na hawarudi. Aliyebaki hakui sana, naye ana shida zake za mtoni.

Mwaka 1913 bwawa la umeme lilikamilika, kama kilomita 8 tu kutoka baharini, bila njia ya samaki kupita. La pili likafuata mwaka 1927. Trauti waliokuwa juu wakafungiwa huko, na kwa karibu miaka 100 wakazaana kama samaki wa mto tu. Watu wa kabila la Lower Elwha Klallam walidai mto wao ufunguliwe, na kati ya 2011 na 2014 mabwawa yote mawili yakabomolewa. Trauti wa baharini wakaanza kupanda tena. Wanasayansi walipochunguza vinasaba vyao, wakakuta miongoni mwao uzao wa wale waliofungiwa. Waliobaki walikuwa wametunza mbegu.

Sasa turudi kwenye Neno. Daudi alikuwa na watu 600 akiwafuatia Waamaleki. Watu 200 walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori pamoja na mizigo. Wenzao 400 waliporudi na nyara, baadhi yao walikataa kugawana na waliobaki. Daudi aliamua kwamba mafungu yawe sawa, akaiweka iwe sheria katika Israeli.

Wapendwa, neno hili linaingia nyumbani kwetu. Huku tunasikia watu wakisema, “Wale wa nyumbani wanakaa tu, wanangoja pesa.” Na huko Bukavu, Kigoma au Nakuru wanasema, “Wale wametusahau, wamekuwa wazungu.” Ndugu wa tumbo moja wanatoka kwenye kundi la WhatsApp la familia kwa ajili ya maneno hayo.

Tujiulize: nani anamgeuza mama kitandani usiku ili asipate vidonda? Nani anamwogesha, anampeleka kliniki, anapanga foleni ya dawa? Wengi wetu hapa tunafanya kazi hiyo hiyo kwa wazee wa watu wengine, na tunalipwa kwa saa. Dada aliyebaki na mama halipwi hata saa moja. Yeye ndiye aliye kwenye kijito cha Besori, akilinda mizigo yetu sote. Akitumia sehemu ya pesa tuliyotuma kwa sabuni yake au karo ya mwanawe, hajaiba. Ni fungu lake.

Nao walio nyumbani wajue kwamba bahari ina meno. Wapo wenzetu waliozikwa huku mbali na wazazi wao.

Wiki hii kila nyumba impigie simu ndugu mmoja aliyebaki. Tusianze na kuuliza pesa zimetumikaje. Tumwulize kwanza amelalaje, na tumwambie asante kwa kumtunza mama.

Bwana atupe moyo wa Daudi. Amina.