Hitilafu Haina Pa Kukimbilia

Kijana wa Chiwanda, usiifunge kompyuta bado. Programu yako ya sataranji imecheza vizuri tangu mwanzo, na sasa, kete zikiwa zimebaki tatu, imeachia ushindi wa wazi ukawa sare. Usiseme hayo ni mambo ya wataalamu wa mbali. Kosa limo ndani ya mistari uliyoiandika mwenyewe, na wa kulitoa ni wewe.

Miaka ya 1970, Ken Thompson wa Bell Labs alikokotoa baadhi ya miisho ya sataranji yenye kete chache kwa kurudi nyuma: akaanzia pale mfalme alipokwisha kufungwa, hatua moja moja, hadi kila hali ikapata jibu lake. Leo majedwali ya Syzygy, aliyoyatoa Ronald de Man mwaka 2013, yanapatikana bure. Ya kete tatu hadi tano ni kama GB 1 tu. Flashi moja inayaleta kutoka Mbinga hadi Chiwanda, na ukishayapata huhitaji bando. Majibu sahihi unayo basi. Tatizo liko kwenye jinsi programu yako inavyoyauliza majedwali hayo.

Anza na hali ndogo. Weka mfalme mweupe e4, askari wake e3, mfalme mweusi e6. Zamu ikiwa ya mweusi, mweupe anashinda. Zamu ikiwa ya mweupe, ni sare. Hakuna kete iliyosogea. Iulize programu yako mara mbili: ikitoa jibu lilelile, zamu haifiki kwenye jedwali. Ikijibu sawasawa, pindua ubao, askari awe wa mweusi na mstari wa 1 uwe wa 8. Jibu likiharibika hapo, kosa liko kwenye kugeuza rangi. Kumbuka pia kwamba jedwali humjibu mwenye zamu. Ukidhani siku zote linamsemea mweupe, ushindi wa mweusi utausoma kinyume. Na mfalme akiwa bado na haki ya kupishana na ngome, usiulize kabisa, maana majedwali hayo hayaihesabu.

Kila jaribio lihifadhi, na uliendeshe upya kila ugusapo msimbo. Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uendelee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Inama kwa moyo mkuu, kwa sababu kuna kazi kubwa zaidi mbele. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, walipata jibu la awari, ndugu wa bao kutoka Afrika Magharibi, baada ya kukokotoa hali 889,063,398,406. Bao la Kiswahili lina ugumu wake: kete zake 64 hazitoki mchezoni, zikiliwa husambazwa upande wa aliyezila. Ile njia ya kuanza na kete chache haifai hapo moja kwa moja. Inatakiwa njia nyingine, na ataiona mtu aliyekua akicheza awamu za bao, namua na mtaji, tena aliyezoea kufuata kosa hadi shinani. Huyo anaweza kutoka mwambao huu wa Ziwa Nyasa. Anaweza kuwa wewe.

Weka mfalme e4. Endesha jaribio la kwanza usiku huu.