Je, Asiyemgonga Mtu Amekosa Nini?

Kila mwaka ikaribiapo Krismasi na Mwaka Mpya, polisi wa usalama barabarani huwaonya waendeshaji, nao huongeza ukaguzi wakiwa na vyombo vya kupimia ulevi. Ndipo watu wanung'unikapo na kuuliza: Mtu aliyekunywa, akapanda pikipiki yake, akafika kwake salama, amemkosea nani?

Swali hili si la kudharauliwa, hasa kwetu sisi wa Kibondo na Kasulu, ambako kumpa mgeni pombe ya ndizi ni kumheshimu, na pikipiki ndiyo miguu ya watu wengi. Zamani mlevi alirudi kwake akitembea. Akianguka, aliumia peke yake. Sasa chombo chake chaenda mbio, na kando ya njia wako watu wapitao gizani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haingoji damu imwagike. Aendeshaye akiwa na kileo kipitacho miligramu 80 katika mililita 100 za damu yake amekwisha kukosa, ijapokuwa hakumgusa mtu. Wengine waona huo ni ukali. Sisi twaona ni haki. Tuwafikiri watu wawili waliokunywa sawasawa, wakaondoka saa moja. Wa kwanza alikuta njia tupu. Wa pili alikuta mtoto akivuka. Je, wa kwanza ni mwema kuliko mwenzake? La, kwani njia tupu haikuwa kazi ya mikono yake. Msiba wa huyu wa pili ni mkubwa zaidi, na hukumu yake itakuwa nzito. Walakini kosa lao lilianza mahali pamoja, pale walipoufanyia kamari uhai wa watu wasiowaomba ruhusa.

Kama ndivyo, kosa hilo lina washiriki. Aliyemmiminia mgeni akijua kwamba ataendesha, na aliyepanda nyuma yake akimwona anapepesuka, hawawezi kusema, "Sisi hatukushika usukani."

Tena polisi hawawezi kusimama katika kila njia panda, na sikukuu zikiisha ukaguzi hupungua. Mtu ajizuiaye kwa kumwogopa askari tu, atafanya nini askari akiondoka? Basi, ndugu wasomaji, mwenye nyumba amfichaye mgeni ufunguo na kumtandikia mkeka hakumvunjia heshima. Amemheshimu yeye, na yule asiyemjua aliye njiani.